Swichi ndogo za maikrowevu: mkono haukatiki, unanata

Kila nikiwatajia mafundi wa redio hapa Ngamiani, Tanga, swichi ya maikrowevu (mawimbi ya redio ya masafa ya juu, si jiko) yenye mkono wa dhahabu unaocheza ndani ya chipu, jibu ni lile lile: kinachocheza hakidumu, mkono utakatika. Siwashangai. Rilei, yaani swichi za sumaku-umeme, wanazofungua kila siku zimeliwa na chumvi ya bahari.

Ukweli ni kwamba mkono huo hauchoki upesi. Ukivutwa na volti, unashuka mikromita 2 hadi 4 tu, wakati unywele una unene wa kama 70, na maabara zimeshazifunga na kuzifungua swichi hizi zaidi ya mara bilioni 1. Kinachoziua ni kunata. Kwenye aina ya kepasita, mkono hulalia kihami chembamba, yaani utando usiopitisha umeme. Chaji hujipenyeza humo na kubaki, hivyo volti ikiondolewa mkono haunyanyuki. Unyevu nao hugandamanisha nyuso mbili, na kwa hewa yetu ya pwani, swichi isiyofunikwa kabisa haina maisha.

Wengine huogopa volti. Swichi hizi nyingi hutaka volti 20 hadi 80, basi watu hudhani zitamaliza betri. Hazimalizi. Mkono huvutwa na chaji tu, kama chanuo la plastiki lililopita kwenye nywele kavu linavyovuta vipande vya karatasi. Mkondo karibu haupo. Diodi ya PIN, swichi mshindani isiyo na kitu kinachocheza, hutaka volti chache, lakini hula miliampea muda wote ikiwa imewashwa.

"Basi legeza mkono, volti ishuke." Hili nimelisikia hata kwa wanafunzi hodari, na ndilo linaloniuma zaidi. Mkono mlegevu hauna nguvu ya kujibandua. Mkono mgumu nao hutaka volti kubwa, na volti kubwa huzidisha chaji kwenye kihami. Kuna njia nzuri ya kutokea. Mkono ukishapita theluthi ya nafasi iliyo chini yake, huanguka wenyewe hadi chini, na kuushikilia pale kunahitaji volti ndogo zaidi. Kwa hiyo ufunge kwa volti kubwa, kisha ipunguze mara moja.

Kuhusu kasi, diodi inashinda: nanosekunde dhidi ya mikrosekunde kadhaa. Ila kwa kichujio au antena inayobadilishwa masafa mara chache, ningechagua mkono huu bila kusita, kwa kuwa hupoteza takriban desibeli 0.1 tu ya mawimbi.