Ubora wa mbegu za kiume ni nini?

Ubora wa mbegu za kiume ni uwezo wa mbegu kulifikia yai, kulirutubisha, na kukipa kiinitete, yaani mimba changa kabisa, vinasaba (DNA) vizima. Nguvu za kiume ni jambo lingine kabisa. Nasisitiza kwa sababu mitaani Dar dawa za nguvu zinauzwa kila kona, ilhali mwanaume asiye na shida yoyote chumbani anaweza kuwa hana hata mbegu moja kwenye shahawa, na asijue mpaka apime.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, kima cha chini ni mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 ziwe zinatembea, na asilimia 4 ziwe na umbo la kawaida. Hiyo 4 huwashtua wengi, ila ilitokana na kuwapima wanaume waliowapa wake zao mimba ndani ya mwaka mmoja. Kuwa chini yake si hukumu ya ugumba.

Kipimo hicho cha shahawa hakioni vinasaba. Mbegu yaweza kuogelea vizuri huku DNA yake imekatikakatika. Yai hukarabati sehemu ya madhara hayo, na siku za mwanzo kiinitete huishi kwa akiba ya mama. Vinasaba vya baba huanza kazi kwa nguvu kiinitete kikiwa na seli nne hadi nane, kama siku ya tatu, na hapo viinitete vingine hukwama. Uharibifu huo umehusishwa pia na mimba kutoka. Basi inauma kuona mke anasemwa na mawifi na kuzungushwa kliniki peke yake, wakati karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto zina tatizo upande wa mume pia.

Sigara, homa kali, maambukizi na mishipa ya korodani iliyovimba hushusha ubora. Sindano za testosteroni (homoni ya kiume), ambazo wengine huchoma ili kujenga misuli, zinaweza kusimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Mbegu huchukua takriban miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo matokeo ya tiba hayaonekani wiki ijayo.

Kabla ya kupima, kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja. Kwa foleni ya Mbagala, heri uitolee hukohuko maabara. Majibu yakiwa mabaya, rudia kipimo kabla ya kuanza dawa yoyote.