Chéticamp: mji uliozaliwa kwenye ufukwe wa kuanikia samaki

Kila ninapoulizwa ni nani aliyeanzisha Chéticamp, mji mdogo wa Waakadia, yaani wazao wa walowezi Wafaransa, kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Cape Breton katika jimbo la Nova Scotia, nchini Kanada, huanza kwa kueleza ufukwe wake kabla ya kutaja jina la mtu yeyote. Ufukwe huo ulitumiwa na Charles Robin, mfanyabiashara kutoka kisiwa cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa, ambaye wavuvi wake walipasua chewa wa bahari baridi, wakawatia chumvi na kuwaanika hadi wawe ng'onda wa kuuzwa ng'ambo. Robin alikuwa Mprotestanti na raia wa mfalme wa Uingereza, lakini alizungumza Kifaransa, na kwa maoni yangu lugha hiyo ndiyo iliyowavuta Waakadia Wakatoliki kuliko hata ujira.

Waakadia hao walikuwa wameteseka sana. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza Nova Scotia, wakazichoma nyumba zao, na hata waliporuhusiwa kurudi mwaka 1764, kwa sharti la kula kiapo cha utii na kukaa katika vikundi vidogo vilivyotawanyika, mashamba yao ya zamani yalikuwa yamekwisha kugawiwa walowezi wengine. Zaidi ya hayo, sheria ya Nova Scotia ilimzuia Mkatoliki kumiliki ardhi hadi mwaka 1783. Ndiyo maana siwezi kuisimulia historia ya mji huu bila kufuatilia hati za ardhi.

Familia za Pierre Bois na Joseph Richard zilihamia hapo mwaka 1782, na nyingine zikafuata. Mwaka 1790 wanaume 14, ambao wenyeji hadi leo huwaita Wazee Kumi na Wanne, walipewa rasmi ekari 7,000. Majina ya ukoo kama Aucoin, Chiasson, LeBlanc na Deveau yangali yamejaa mjini. Hata hivyo, hati hiyo ya ardhi haikuwatoa mikononi mwa kampuni ya Robin: mvuvi alichukua chumvi, nyuzi na unga kwa mkopo katika duka la kampuni, akalipa kwa samaki ambao bei yao ilipangwa na kampuni hiyohiyo, kwa hiyo msimu ulipokwisha mara nyingi bado alidaiwa.

Mwaka 1936 serikali ilipoanzisha hifadhi ya taifa jirani na mji, familia za Kiakadia zilizokuwa zikiishi katika kijiji cha Cap-Rouge ziliondolewa kwenye ardhi yao.