Kubadili Gesi ya AC kwenye Gari la Zamani: Kazi Kubwa Iko Kwenye Mafuta

Mwenye gari la mwaka 1989 anayefika gereji akilalamika kwamba AC haipoozi huambiwa mara nyingi kuwa gesi ya zamani haipatikani, basi ajaziwe ya sasa na aondoke. Kuhusu gesi ya zamani ameambiwa kweli. R-12, iliyotumika katika viyoyozi vya karibu magari yote hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni, na kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, zilitakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2010. Gesi iliyochukua nafasi yake kwenye magari ni R-134a, ambayo haina klorini. Kosa liko kwenye hilo la kujaziwa na kuondoka.

Kompresa nyingi za magari, yaani pampu zinazoisukuma gesi, hulainishwa na mafuta yanayozunguka mfumo mzima yakiwa yamechanganyika na gesi. R-12 ilifanya kazi na mafuta ya madini, ambayo hayachanganyiki na R-134a. Yakiachwa ndani, hutuama kwenye kondensa (sehemu inayotoa joto nje) na evapoleta (sehemu inayopooza hewa ya ndani) badala ya kurudi kwenye kompresa. Katika karakana ya mafunzo tuliwahi kufungua kompresa iliyojaziwa gesi mpya juu ya mafuta ya zamani: pistoni zilikuwa zimechubuka, na kilichotoka ndani kilikuwa uji mweusi wenye vumbi la alumini linalometameta. Mwenye gari alikuwa amefurahia ubaridi kwa muda mfupi tu.

Kwa hiyo fundi makini huanza kwa kuivuta gesi iliyobaki kwa mashine maalumu na kuihifadhi kwenye mtungi. Kuifungulia hewani ni kosa la kimazingira, na ikikutana na moto hutoa moshi wenye sumu. Kompresa huteremshwa ili mafuta yamwagwe, mabomba husafishwa kwa kimiminika cha kusafishia kisha hukaushwa kwa naitrojeni, na mafuta mapya huwekwa kwa kipimo cha mtengenezaji. Kwa gari linalobadilishiwa gesi mimi hupendelea mafuta ya esta kuliko ya PAG (yote ni mafuta ya viwandani yanayotumika na R-134a), kwa kuwa esta huvumilia zaidi mabaki ya mafuta ya madini na ya klorini. Yote mawili hufyonza unyevu upesi, hivyo kopo lililoachwa wazi kutwa katika hewa ya Tanga au Dar es Salaam halifai kurudishwa kwenye gari.

Draya hubadilishwa bila mjadala, maana chembe zake za kukausha unyevu zilitengenezwa kwa ajili ya R-12, na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zote zilizofunguliwa huwekwa mpya zinazoafikiana na R-134a. Hozi za zamani hupitisha gesi mpya kwa urahisi zaidi, kwa sababu molekuli zake ni ndogo. Zilizopasuka au kukakamaa zibadilishwe. Swichi ya kukata kompresa shinikizo linapozidi, kama gari halina, iongezwe, kwani R-134a hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi wakati wa joto kali.

Baada ya hapo pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa na unyevu kutoka kwenye mfumo, iungurume si chini ya dakika 30, na mimi husubiri zaidi. Shinikizo likishuka vya kutosha, maji yaliyojificha ndani huchemka kwa joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Yakibaki, huganda kwenye ekspansheni valvu (kijitundu kinachopunguza shinikizo la gesi kabla ya evapoleta) na huzaa asidi inayotafuna chuma. Pampu ikizimwa, mshale wa geji utulie mahali pake. Ukipanda, tafuta panapovuja kabla ya kujaza chochote.

Gesi hupimwa kwa mizani. Kiasi cha R-134a huwa kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa chini ya boneti, hivyo mfumo wa gramu 1,000 hupewa takribani gramu 800 hadi 900. Mafundi wengi wa zamani walizoea kujaza hadi mapovu yaishe kwenye kioo cha draya, lakini kwa gesi hii kioo kinaweza kuonyesha ukungu hata kiasi kikiwa sahihi, na anayekifuata huzidisha gesi na kuibebesha kompresa mzigo.

Mtungi nao uchunguzwe. Kuna gesi bandia zinazouzwa kwa jina la R-134a, na baadhi zimekutwa na kloridi ya methili, kemikali inayoshambulia alumini na kuzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi yaliyojazwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua watu. Gesi ya kupikia pia isiingizwe, hata kama inapooza vizuri, kwa kuwa evapoleta iko nyuma ya dashibodi, na ikitoboka gesi huingia walipokaa abiria.

Mwenye gari ajue pia kwamba kondensa ya zamani ilitengenezewa R-12, kwa hiyo kwenye foleni ubaridi unaweza kupungua kidogo. Kusafisha mapezi yake na kuongeza feni husaidia sana. Mwishoni fundi afunge adapta za R-134a kwenye milango ya kujazia, ambazo geji za R-12 haziingii, na abandike chini ya boneti kibandiko chenye aina ya gesi, uzito wake, aina ya mafuta na tarehe, ili fundi atakayefungua boneti hiyo miaka mitatu baadaye asilazimike kubahatisha.