Bakteria wa kula dawa ya kupulizia, hauhitaji kuwanunua

Juzi mama mmoja muuza mashu (kabichi) na nyanya pale soko la Kadutu, Bukavu, ananiambia: "Mtoto wangu, si uniuzie ile bakteria yako ya chupa, niimwagie kwa majani ya mashu yaliyopuliziwa, dende zangu (simbilisi ninaofuga) zisikufe tena." Nikamwambia mama, tayari unao, wanalala kwa ule udongo ulioshika mizizi ya mashu yako. Na dende usizipe majani yaliyopuliziwa jana, bakteria kazi yake inahesabiwa kwa wiki, si kwa saa.

Kazi yenyewe iko hivi. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati, kama diazinoni, zimeshikwa na fundo moja la fosforasi, sasa kuna bakteria wenye enzimu, protini ya kazi kama mkasi, inayokata pale pale kwenye fundo kwa kutumia maji tu, ikishakatwa ukali wa sumu unashuka sana, vipande vinavyobaki wanamalizia wengine. Mmoja wao, flavobakteria, alipatikana Ufilipino kwa shamba la mpunga lililokuwa linatiwa diazinoni, watafiti wakamwandika mwaka 1973. Ni tope lililozoea sumu ndilo lilimzaa, si kiwanda.

Mimi nilitaka njia ya mkato. Nikakuza bakteria safi kwa labo, nikaenda kuwamwaga kwa pipa la nyanya zilizooza zenye dawa, najiona bingwa, kumbe mule sukari imejaa, nani ataacha sukari ale sumu? Na bakteria wenyeji wa pipa waliwafinya, siku chache nikipima siwapati tena. Tangu hapo nalisha bakteria wenyeji kwa rundo la mboji: majani mabichi, maganda makavu ya maharagi, fumie (samadi), unyevu kama wa kitambaa ulichokamua, unageuza kila wiki hewa iingie, katikati moto ufike digrii 55 mpaka 60, halafu unaacha ipoe na ikomae miezi kadhaa, hapo usikimbie. Na mvua yetu hii ya Bukavu, funika! La sivyo dawa inashuka na maji mpaka ziwani.

Jana mama amerudi na gunia la majani ya kahawa, ameyapunguza kwenye shamba la shemeji yake. Nikauliza, kule wanapulizia ile dawa ya bluu? "Kila mwaka, mtoto wangu." Basi hapo bakteria hawana la kufanya mama, ile bluu ni shaba, na shaba ni metali, haina fundo la kukata, majani yakioza yanapungua na yenyewe inabaki vile vile, kilo moja ya mboji unayopata njo inabeba shaba nyingi kuliko kilo ya majani uliyoanza nayo.