Mshale wa mashine haujui kama una mimba

Ni mara ya tatu mwezi huu. Mama kutoka Ujiji, mimba ya wiki kumi, kanikunjulia majibu ya maabara nyingine: TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ya shingoni ifanye kazi, 0.08, mshale umeelekea chini. "Dokta, nimeambiwa tezi imezidi nguvu." Kwenye mkoba tayari ana kabimazoli, dawa ya kuipunguza tezi nguvu.

Mimi si dokta, ni mtu wa maabara tu, lakini mori ulinipanda.

Mshale ule ni wa mashine. Inalinganisha na viwango ilivyoingiziwa, na mara nyingi ni vya watu wazima wasio na mimba. Haijui kama aliyetoa damu anatapika tangu alfajiri. Miezi mitatu ya kwanza kondo la nyuma linamwaga hCG, homoni ya mimba ile ile tunayoitafuta kwenye mkojo, nayo imefanana na TSH kiasi cha kuihadaa tezi ikachapa kazi. T4, homoni inayotolewa na tezi, ikitosha, TSH hupunguzwa. Hushuka zaidi karibu wiki ya 10 hadi ya 12, na kwa mimba ya mapacha au mwenye kutapika kupita kiasi inaweza kukaribia sifuri. Kabla ya kutamka ugonjwa tazama T4, tazama macho, papasa shingo kama kuna rovu, pima kingamwili za tezi ukiweza, kisha rudia baada ya wiki chache. Kabimazoli wiki hizo inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Si peremende!

T4 ya jumla hupanda kwa sababu protini inayoibeba imeongezeka. Baada ya wiki ya 16 zidisha viwango vya wasio na mimba kwa 1.5, basi. T4 huru, ile isiyobebwa na protini, ndiyo inayonikosesha usingizi: mashine nyingi huyumba kwenye damu ya mjamzito, na yangu naitilia shaka.

Na kikomo cha juu? Mwaka 2011 Wamarekani walisema TSH 2.5 kwa miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 2017 wakalegeza hadi karibu 4 kwa wasio na viwango vya watu wao. Viwango hivyo hufuata madini joto wanayokula watu, sasa sisi tunaopikia chumvi ya Uvinza tushike kipi? Ukiniletea 3.1 nitaandika 3.1. Zaidi ya hapo nabahatisha kama wewe.

Watoto wachanga ndio kabisa. Nusu saa baada ya kuzaliwa TSH hufyatuka, hata kupita 60, halafu hushuka siku kwa siku. Ukimchoma kisigino ana saa sita utapata namba ya kutisha isiyo na maana. Subiri saa 48, na kwenye fomu andika saa aliyozaliwa, siyo tarehe peke yake. Ikibaki juu baada ya hapo, usisubiri tena hata siku moja, ubongo wake haungoji.

Yule mama alirudi mimba ikiwa na wiki 18. TSH 1.2, hakumeza hata kidonge kimoja.

"Sasa hivi vidonge nilivyovinunua, nani ananirudishia hela?"