Kashfa ya Profumo haikumng'oa Macmillan

Wengi husimulia kwamba Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, aling'olewa na kashfa ya Profumo mwaka 1963. Sivyo. John Profumo, waziri wa vita, alilidanganya Bunge mwezi Machi kuhusu uhusiano wake wa kimapenzi na mwanamitindo Christine Keeler, akajiuzulu Juni. Macmillan alichafuka, na kwa haki kabisa, ila alibaki madarakani. Kilichomtoa ni tezi dume. Oktoba aliugua ghafla, akapasuliwa, akajiuzulu akiwa bado hospitalini. Malkia Elizabeth alimfuata huko huko kusikia nani amrithi. Macmillan akamtaja Alec Douglas-Home, mwanasiasa wa chama chake. Uvimbe wa tezi hiyo haukuwa saratani. Na chama chao cha Conservative, kilichotawala tangu 1951, kilishindwa na Labour mwaka 1964 kwa tofauti ndogo mno: Labour ilipata wingi wa viti 4 tu.