Paneli Inakula Mwanga, Haili Joto

Wiki iliyopita nilipanda juu ya paa la mzee mmoja hapa Tanga, mwenye duka la vinywaji baridi. Aliniita kwa sababu betri zake hazijai hata jua liwake kutwa nzima. Nikakuta paneli 4 zimelazwa juu ya bati, hata kidole hakipiti chini yake. Nilipouliza nani kazifunga hivyo, mzee akajibu kwa fahari: "Fundi, mimi ndiye niliyeagiza. Bati linachemka, kwa hiyo zinapata moto wa juu na wa chini."

Maneno hayo nimeyasikia kwa wateja, kwa walimu, na kinachoniuma zaidi, kwa mafundi wenzangu. Jua likiwa kali zaidi, joto likizidi, umeme unazidi. Sivyo. Joto ni adui wa paneli, na linakula umeme wako kila siku mchana.

Najua imani hii inatoka wapi. Kwanza, neno "sola" tumelitumia pia kwa yale matangi ya kuchemshia maji yanayowekwa juu ya paa. Yale kweli kazi yake ni kukusanya joto. Paneli ya umeme ni kitu kingine kabisa. Pili, wako waliosoma fizikia wakabaki na nusu ya somo: kwamba waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake, yaani ugumu wa kupitisha umeme, unapanda, lakini semikondakta, kitu kama silikoni ya kwenye paneli, ikipata joto ukinzani unashuka. Hilo ni kweli, Michael Faraday aliliona kwenye salfaidi ya fedha mwaka 1833. Ila kupitisha umeme kirahisi na kuzalisha umeme ni mambo mawili.

Tuanze na silikoni yenyewe. Elektroni zake, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, zimeshikwa kwenye vifungo kati ya atomu na atomu. Ili elektroni moja iachiliwe, lazima iruke pengo la nishati la elektroni-volti 1.12 (hicho ni kipimo kidogo sana cha nishati). Chembe moja ya mwanga unaoonekana ina nishati ya kutosha kuirusha kwa pigo moja. Joto la kawaida la nyuzi 25 linaipa elektroni wastani wa kama elektroni-volti 0.026 tu, zaidi ya mara 40 pungufu. Hata ule mwanga usioonekana wenye urefu wa mawimbi unaozidi nanomita 1,100 hivi unapita ndani ya silikoni bila kuachilia elektroni.

Joto linapopanda, elektroni chache zenye bahati huanza kuruka pengo zenyewe, bila mwanga, na idadi yake huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10. Mtu husema, "Si ndiyo nzuri hiyo?" Hapana! Hizo hazitoki upande mmoja kwenda mwingine kwa mpangilio. Zinazuka kila mahali ndani ya seli, vile vipande vya silikoni vinavyounda paneli, na kuongeza mvujo wa ndani kwenye kiungo, pale silikoni yenye fosforasi inapokutana na yenye boroni. Kiungo hicho ndicho kinachoshikilia volti. Kikivuja, volti inashuka, kama ndoo yenye tundu inavyoshindwa kujaa hadi juu. Ampea huongezeka kidogo mno, haziwezi kufidia.

Hesabu yake ni hii. Kila seli hupoteza karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Paneli ya betri ya volti 12 huwa na seli 36, na ile karatasi ya nyuma inakuambia itafanya kazi kwenye volti 18 hivi. Namba hiyo imepimwa seli zikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Tanga saa saba mchana, seli hufika nyuzi 65 bila shida. Nyuzi 40 za ziada mara milivolti 2 mara seli 36: karibu volti 3 zimekwenda. Umebaki na 15. Waya mrefu mwembamba unakula kidogo, kontrola, kile kifaa kinachosimamia kuchaji betri, nayo inachukua chake, na betri ya asidi inahitaji kama volti 14.4 ili ijae. Ndiyo maana betri za mzee hazikujaa. Kwa wati ni hivyo hivyo: paneli ya wati 400 inayopoteza asilimia 0.4 kwa kila nyuzi hubaki na 336.

Usiniamini mimi, chukua mita. Pima volti za paneli ikiwa haijaungwa na chochote saa mbili asubuhi, kisha saa saba mchana. Mchana mwanga ni mwingi zaidi, na ampea pia, lakini volti utazikuta zimeshuka.

Dawa ni hewa. Weka reli, inua paneli sentimita 10 hadi 15 juu ya bati, acha juu na chini wazi upepo upite. Mimi siku hizi sikubali kufunga bila nafasi hiyo, hata mteja akisema inaharibu sura ya nyumba.

Sasa geuza upande wa pili. Mama mmoja wa Njombe alitaka kununua paneli mara mbili ya mahitaji yake kwa sababu "kwetu kuna baridi". Mama, baridi ni neema! Siku ya jua, paneli ya Njombe hutoa volti nzuri kuliko ya pwani. Hatari ya huko ni nyingine: paneli 3 zenye volti 49 kila moja, zikiungwa mfululizo, ni 147. Fundi anaona kontrola yake inavumilia 150, anaridhika. Asubuhi ya nyuzi 5 jua linachomoza, volti zinapanda karibu asilimia 6, zinapita 155, na kontrola inaungua.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Siku ya mawingu paneli haizimi, inatoa kidogo tu. Semikondakta si kitu kinachopitisha umeme "nusu nusu": silikoni safi karibu haipitishi, lakini tia atomu moja ya fosforasi kwa kila atomu milioni, elektroni huru huongezeka mara milioni kadhaa. Silikoni ya kuzibia vioo, ile ya kwenye tyubu, ni mpira, si hii. Na wanaosema paneli ingekuwa bure kwa kuwa ni mchanga, wajue kwamba mchanga huo huyeyushwa kwenye tanuri la umeme pamoja na kaboni, karibu nyuzi 2,000, kisha husafishwa hadi asilimia 99.9999 na zaidi.

Tulipomaliza kuinua zile paneli, mzee akauliza kama azimwagie maji mchana zipoe. Nikamkataza: kioo chenye nyuzi 65 kikipata maji baridi ghafla kinaweza kupasuka. Aoshe alfajiri kwa kitambaa laini, kabla jua halijapanda.